Mnunuzi wa Nje Amekutumia Kanuni za Maadili: Jinsi ya Kujipanga Kabla na Baada ya Kutia Saini

Kampuni nyingi za Tanzania na Kenya zinazouza maua, mbogamboga, parachichi, chai au kahawa nje ya nchi hupokea waraka wa kanuni za maadili wa mnunuzi kwa barua pepe, ukiwa umeambatanishwa na mkataba wa mauzo pamoja na ombi la kuurudisha ndani ya siku chache ukiwa na saini na mhuri. Waraka wenyewe huzungumzia utumwa wa kisasa, ajira ya watoto, saa za kazi, rushwa, matumizi ya maji na hewa ukaa. Wakurugenzi wengi huutia saini siku hiyohiyo, kwa kuwa kinachosubiriwa ni oda, kisha huuhifadhi kwenye faili mpaka siku mkaguzi atakapotangaza kwamba anakuja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya meneja, afisa rasilimali watu au mhasibu ambaye ndiye atakayeulizwa maswali siku hiyo. Mifano yake mingi ni ya mashamba na vituo vya kufungashia mazao vya Arusha na Kilimanjaro, ingawa mwenye kiwanda cha nguo au cha kubangua korosho ataikuta kazi yake humu pia.

Ni vizuri kuelewa kwanza kwamba mnunuzi hakukutumia waraka huo kwa uungwana wake tu. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha Kanuni Elekezi za Biashara na Haki za Binadamu, ambazo zinaitaka serikali ilinde haki, kampuni iziheshimu, na aliyedhulumiwa apate nafuu. Baada ya hapo zikafuata sheria zenye meno: Uingereza ilitunga sheria ya utumwa wa kisasa mwaka 2015, Ufaransa ikatunga yake mwaka 2017, na sheria ya Ujerumani ya mnyororo wa ugavi ikaanza kutumika Januari 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake mwaka 2024, kisha mwaka uliofuata ukasogeza mbele utekelezaji wake. Kuahirishwa huko kusikulegeze, kwa sababu maduka makubwa ya Uingereza na Ulaya yalikuwa yakitumia kanuni kama hizi kabla ya sheria hizo kutungwa. Nyingi ya kanuni hizo zimejengwa juu ya mikataba ya Shirika la Kazi Duniani na juu ya kanuni tisa za ETI, umoja wa kampuni, vyama vya wafanyakazi na asasi za kiraia ulioanzishwa Uingereza mwaka 1998.

Kusoma kabla ya kutia saini

Weka mezani vitu vitatu: waraka wa mnunuzi, sheria za nchi yako, na kumbukumbu za kampuni zinazoonyesha hali ilivyo, si hali unayotamani iwe. Andaa jedwali la safu nne. Safu ya kwanza iandikwe kile mnunuzi anachotaka, ya pili sheria inasema nini, ya tatu sisi tunafanya nini, na ya nne ushahidi wetu uko wapi. Pale waraka na sheria zinapotofautiana, unafuata kile kinachomlinda mfanyakazi zaidi. Waraka mwingi wa aina hii unalisema hilo waziwazi, lakini wasomaji wengi hulipita bila kulifanyia hesabu.

Chukua mfano wa saa za kazi. Kanuni za ETI zinaweka kikomo cha saa 48 za kawaida kwa wiki, na jumla ya saa 60 ikiwa ni pamoja na saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Mfanyakazi aliyefanya saa 45 za kawaida na 15 za ziada ametimiza saa 60, kwa hiyo kwa kipimo cha mnunuzi yuko sawa. Lakini akirudia hivyo kwa wiki nne mfululizo atakuwa amefanya saa za ziada 60, na kampuni itakuwa imevunja sheria ya nchi huku ikiamini kwamba imefuata kanuni za London. Upande wa malipo ni vivyo hivyo: ETI inapendekeza saa ya ziada ilipwe angalau asilimia 125 ya kiwango cha kawaida, ilhali sheria ya Tanzania inataka mara moja na nusu.

Baada ya jedwali, rudi kwenye vifungu vya kimkataba, kwa maana huko ndiko hatari ya fedha ilipo. Kifungu cha kuangalia kwa makini zaidi ni kile kinachokutaka uhakikishe kwamba wewe, wasambazaji wako na wasambazaji wa wasambazaji wako wote mnatimiza kila kanuni wakati wote. Hakuna kampuni duniani inayoweza kuahidi hivyo kwa uaminifu, na anayeiahidi anampa mnunuzi sababu ya kuvunja mkataba wakati wowote soko likimwendea vibaya. Pendekeza maneno mengine: kwamba utachukua hatua zinazofaa kwa ukubwa wa kampuni yako ili kuzuia, kutambua na kurekebisha ukiukwaji. Kifungu cha kuvunja mkataba papo hapo kiombee muda wa kurekebisha, isipokuwa kwa makosa mazito kama ajira ya kulazimishwa. Uliza pia nani analipia ukaguzi. Ikiwa mnunuzi ni wa Ujerumani, una hoja yenye nguvu, kwa sababu BAFA, mamlaka inayosimamia sheria ya huko, imeeleza bayana kwamba kampuni haiwezi kumbebesha msambazaji wake wajibu ambao sheria imeuweka juu yake yenyewe.

Na hapa niseme ninachokiamini baada ya kusoma nyaraka nyingi za aina hii: waraka usiosema lolote kuhusu bei na muda wa oda ni nusu ya waraka. Mashamba ya waridi ya Naivasha na Arusha yanajua wiki zinazotangulia tarehe 14 Februari zinavyokuwa. Mnunuzi anaongeza oda jioni, ndege inaondoka kesho, na watu wanabaki kwenye meza za kufungia hadi usiku. Mwezi ujao mnunuzi yuleyule anamtuma mkaguzi aulize kwa nini saa za ziada zimezidi. Kwa hiyo, unaporudisha waraka, rudisha pamoja nao barua fupi yenye maombi mawili: kwamba ongezeko la oda linalovuka kiwango mtakachokubaliana litolewe taarifa siku kadhaa kabla, na kwamba oda iliyokwisha kuvunwa isifutwe bila fidia. Huenda ukakataliwa. Hata hivyo barua hiyo itabaki kwenye faili, na siku mkaguzi atakapoandika hoja, yaani kasoro aliyoikuta, ya saa za ziada utaweza kumwonyesha chanzo chake.

Saa na mishahara

Katika ukaguzi wa kijamii, yaani ule wa hali ya wafanyakazi, hoja nyingi hutokea hapa, na hapa pia ndipo kampuni hujiharibia zenyewe. Njia bora ya kujipima ni kumfuata mtu mmoja katika karatasi zote. Chagua jina moja kwenye daftari la getini, katika siku ya msimu wa kazi nyingi, kisha ulifuate kwenye daftari la mahudhurio, kwenye fomu ya mstari wa kufungashia, kwenye orodha ya mishahara, kwenye hati ya malipo aliyopewa mfanyakazi, na mwisho kwenye muamala wa benki au wa simu. Karatasi hizo sita zikisimulia habari moja, lala usingizi. Mara nyingi hazifanani. Mahudhurio yanaonyesha kwamba mfanyakazi alitoka saa kumi na moja jioni, huku fomu ya kufungashia ina namba yake kwenye katoni zilizofungwa saa mbili na dakika arobaini usiku, na askari wa getini ameandika kwamba basi la wafanyakazi liliondoka saa tatu. Mkaguzi mzoefu huanza na fomu ya katoni, kwa sababu anajua hakuna aliyefikiria kuibadilisha.

Ukigundua tofauti ya namna hiyo, jaribu la kwanza litakuwa kuandika upya mahudhurio. Usifanye hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, na katika taratibu za ukaguzi kumbukumbu za kughushi huhesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko saa za ziada zenyewe, kwa sababu mkaguzi akishakuta daftari mbili hawezi tena kuamini karatasi yoyote atakayopewa. Piga hesabu ya malimbikizo, walipe wafanyakazi, weka kumbukumbu ya malipo hayo pamoja na maelezo ya namna tatizo lilivyogunduliwa, kisha rekebisha utaratibu. Kampuni iliyojikamata yenyewe na kulipa hutazamwa kwa jicho tofauti kabisa na ile iliyokamatwa.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kwa Tanzania, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa saa 195, yaani saa 45 za wiki mara 4.333. Kwa mfano wa hesabu tu, anayelipwa shilingi 195,000 kwa mwezi ana kiwango cha shilingi 1,000 kwa saa. Saa yake ya ziada ni shilingi 1,500, na saa ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu ya kitaifa ni shilingi 2,000. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri huongezewa asilimia 5, nyongeza ambayo kampuni nyingi huisahau kwa udogo wake, na mkaguzi huiandika kwa uzito uleule. Wanaolipwa kwa kilo au kwa kipande, kama wachambuaji wa kahawa, wanatakiwa nao wasishuke chini ya kima cha chini kilichotangazwa kwa sekta yao. Kwa hiyo fomu yao lazima ionyeshe pia muda waliofanya kazi, maana bila muda huwezi kuthibitisha lolote.

Hati ya mshahara iandikwe kwa Kiswahili na kila makato yatajwe kwa jina lake. Mkaguzi atamwomba mfanyakazi aieleze hati yake, na ukimya wa mfanyakazi huandikwa kama hoja.

Vibarua, mawakala na watoto

Vibarua wanaoletwa na wakala ni wafanyakazi wako machoni pa mnunuzi, hata kama hawamo kwenye orodha yako ya mishahara. Mtake wakala akupe mkataba wake nao, orodha ya malipo ya kila wiki na uthibitisho wa michango yao kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Kisha simama getini asubuhi uwaulize vibarua wachache, mmoja mmoja na kwa upole, walimlipa nani ili wapate kazi hii. Malipo ya kununua kazi, deni kwa wakala na kitambulisho kilichowekwa rehani ni dalili ambazo Shirika la Kazi Duniani huzitumia kutambua kazi ya kulazimishwa, na zote tatu zinaweza kuwepo kwenye shamba ambalo meneja wake hajawahi kumpandishia mtu sauti. Nchini Kenya kuna jambo la ziada: chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika ndani ya miezi mitatu, anastahili kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kuwa na vibarua walewale kwa misimu mitatu mfululizo ni swali ambalo utaulizwa.

Kuhusu umri, sheria ya Tanzania inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18, ilhali wanunuzi wengi hawamtaki mtu wa chini ya miaka 15 kwa kazi yoyote. Kazi ya kupulizia dawa, kubeba mizigo mizito au kufanya kazi usiku ihesabiwe kuwa ya watu wazima tu. Nakala ya kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa iwekwe kwenye faili la kila mtu kabla ya siku yake ya kwanza ya kazi. Ukimkuta mtoto, usimfukuze getini siku hiyohiyo ili faili lisafike, kwa sababu atakwenda kwenye shamba la jirani lenye hatari zaidi. Mtoe kazini, zungumza na wazazi, angalia uwezekano wa kumrudisha shule, na fikiria kumwajiri mtu mzima wa familia hiyo katika nafasi yake. Utaratibu huo uandikwe kabla haujahitajika.

Milango ya dharura na stoo ya dawa

Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, mjini Karachi, kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa, wengi wakiwa wamenaswa nyuma ya madirisha yenye nondo na milango iliyofungwa. Wiki chache kabla ya hapo kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, mojawapo ya vyeti vinavyoheshimika zaidi vya hali ya kazi. Kwa hiyo, cheti kilichoning'inizwa ofisini usikitegemee kukuambia kama mlango unafunguka.

Nenda mwenyewe, na uende zamu ya usiku, kwa kuwa zamu ya mchana huwa imepangwa vizuri. Sukuma kila mlango wa dharura kwa mkono wako. Utakuta mmoja una kufuli kwa sababu kuna wizi wa katoni, mwingine umezibwa na pallet za masanduku matupu, na wa tatu unafungukia ndani. Tatizo la wizi lina suluhisho jingine, kama vile kengele inayolia mlango unapofunguliwa au meza ya upekuzi nje ya mlango, na kila mojawapo ni nafuu kuliko kufuli hilo. Zoezi la kuokoa watu wakati wa moto lifanyike kwa zamu zote, muda wa kutoka uandikwe, na watu wahesabiwe nje kwa majina. Wakati huohuo hakikisha usajili wa sehemu ya kazi kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haijapitwa na wakati, kwani ni karatasi ambazo huombwa mwanzoni kabisa.

Kwenye stoo ya viuatilifu, mkaguzi hutazama kama dawa zote zimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kama za maji zimewekwa chini ya zile za unga ili chupa ikivuja isiharibu mifuko, kama sakafu inazuia dawa iliyomwagika isitoke, na kama funguo ziko kwa mtu anayejulikana. Hayo yakishapita, mfuate mpuliziaji dawa hadi mwisho wa zamu yake. Je, ana bafu la kuoga shambani, au anakwenda nyumbani na ovaroli ileile ambayo mkewe ataifua pamoja na nguo za watoto? Glavu na barakoa alipewa bure, au zimekatwa kwenye mshahara? Bango la muda wa kurudi shambani baada ya kupulizia lilibandikwa kabla wavunaji hawajafika? Makopo matupu yasuuzwe mara tatu na kutobolewa, yasije yakaonekana kijijini yakichotea maji.

Unyanyasaji na njia za malalamiko

Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho wakieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mashamba hayo yalikuwa yamemilikiwa kwa miaka mingi na kampuni kubwa zilizokuwa na sera nzuri za maandishi, na wanunuzi wao walikuwa na kanuni kama hizi unazozisoma sasa. Kilichokosekana hakikuwa sera. Msimamizi alikuwa na mamlaka juu ya nani apate kazi, nani apewe kazi nyepesi na nani aongezewe mkataba, na mwanamke mwenye watoto wa kulisha hakuwa na pa kwenda.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kumpunguzia nyapara mamlaka. Kuajiri, kurudisha vibarua wa msimu uliopita na kupanga kazi nzito na nyepesi kusiwe mikononi mwa mtu mmoja. Orodha ya waliorudishwa ipitiwe na afisa rasilimali watu pamoja na mjumbe wa wafanyakazi, na mgawanyo wa kazi ubandikwe ubaoni ili kila mtu auone. Hatua hii haigharimu fedha nyingi, lakini hupata upinzani mkubwa kuliko zote katika mwongozo huu, maana inagusa watu waliozoea kuogopwa.

Baada ya hapo ndipo ujenge njia za malalamiko, na ziwe zaidi ya moja. Sanduku la maoni lililotundikwa mbele ya dirisha la meneja halitapokea kitu zaidi ya karatasi za pipi. Kuwe na namba ya simu inayopokelewa na mtu asiye wa kampuni, kamati ya wanawake waliochaguliwa na wenzao, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kama TPAWU kwa mashamba ya Tanzania au KPAWU kwa Kenya. Kamati ya kampuni haichukui nafasi ya chama, na meneja anayesema kwamba wafanyakazi wake hawahitaji chama kwa kuwa wana kamati anamwandikia mkaguzi hoja kwa mkono wake mwenyewe. Kwa waajiri wa Kenya wenye wafanyakazi 20 au zaidi, sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono ni takwa la kisheria.

Weka daftari la malalamiko lenye tarehe, aina ya jambo, anayelishughulikia, siku ambayo mlalamikaji alijibiwa, na uamuzi uliofikiwa, huku majina yakihifadhiwa pembeni kwa siri. Daftari lisilo na lalamiko hata moja kwa mwaka mzima, kwenye shamba la watu mia nne, haliaminiki. Mkaguzi makini atalitilia shaka, na wewe unapaswa kulitilia shaka kabla yake. Anayetaka kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi asizuiwe wala asiadhibiwe kwa kufanya hivyo.

Maji, nishati na asili ya mazao

Sehemu ya mazingira ina mambo mengi ya vipimo, na kwa kampuni ya ukubwa wa kati kazi kubwa ni kutunza namba kwa utaratibu. Anayechota maji ya mto au ya kisima katika Arusha na Kilimanjaro awe na kibali cha matumizi ya maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, awe na mita inayofanya kazi, na aandike usomaji wake mara kwa mara ili ujazo halisi ulinganishwe na ule wa kibali. Vyeti na taarifa za chombo kinachosimamia mazingira, yaani NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, vikaguliwe tarehe zake pamoja na masharti yaliyomo ndani, kwa kuwa watu wengi husoma ukurasa wa kwanza tu.

Fomu ya hewa ukaa hutisha kuliko inavyostahili. Anachokitaka mnunuzi ni lita za dizeli, uniti za umeme, kilo za mbolea na tani za mazao, na hesabu iliyobaki inaweza kufanywa na yeye mwenyewe. Ukitaka kujikadiria, lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, hivyo daftari la jenereta na la trekta tayari lina sehemu kubwa ya jibu.

Kwa wauzaji wa kahawa, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu inadai mahali hasa kahawa ilipolimwa, na kwamba shamba hilo halikutokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 huhitaji nukta moja ya latitudo na longitudo, lakini lililo kubwa zaidi huhitaji mchoro wa mipaka yake. Tarehe ya kuanza imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, nao wanunuzi wanaendelea kudai taarifa hizo. Waelezeni wakulima kwa nini mnapiga picha za mashamba yao na taarifa hizo zitakwenda wapi. Mkulima asiyejua huhisi ardhi yake inapimwa ili ichukuliwe, na ana haki ya kuhisi hivyo.

Rushwa

Andika sera fupi inayokataza kutoa na kupokea, ikitaja kwa majina yanayojulikana kile kinachokatazwa: chai, bahasha, kitu kidogo cha kuharakisha kibali, asilimia ya afisa ununuzi. Sheria ya Rushwa ya Kenya ya mwaka 2016 inazitaka kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia rushwa zinazolingana na ukubwa wao, na mnunuzi wa Uingereza anabanwa na sheria yake ya mwaka 2010 ambayo inaweza kumwajibisha kwa rushwa iliyotolewa na wanaomfanyia kazi. Mkaguzi naye yumo. Mpe chakula cha mchana kilekile wanachokula wafanyakazi wako, na usimpe zawadi ya kuondokea.

Wasambazaji wako mwenyewe

Huna haja ya kumtumia kurasa kumi muuzaji wa vitunguu vya kantini. Pima nani ana hatari kubwa kwa watu au kwa mazingira, na uanze na wachache hao: wakala wa vibarua, kampuni ya usafi, wasafirishaji, wakulima wadogo wanaokuuzia, na hasa kampuni ya ulinzi. Askari wa getini hufanya zamu za saa kumi na mbili, mara nyingi siku saba za wiki, kwa mshahara ambao meneja wa shamba haujui. Yeye ndiye mtu wa kwanza mkaguzi kukutana naye, na ndiye anayeandika lile daftari la getini. Mkataba wa ulinzi wa bei ya chini kupita kiasi hauwezi kuwa halali: zidisha saa za zamu kwa kima cha chini cha mshahara, ongeza nyongeza za kisheria, na utaona kama bei unayolipa inatosha kumlipa askari kabla mwenye kampuni hajachukua faida yake. Isipotosha, wewe ndiye unayenunua kwa namna ileile unayomlalamikia mnunuzi wako.

Kwa wakulima wadogo, kurasa mbili za Kiswahili na kikao kimoja chini ya mti vinafaa kuliko mkataba wa Kiingereza uliogongwa mihuri.

Siku ya ukaguzi na baada yake

Ukaguzi wa SMETA, ambao hutumiwa sana na wanunuzi wa vyakula, huwa na kikao cha kufungua, matembezi ya eneo, usomaji wa kumbukumbu, mahojiano na wafanyakazi, na kikao cha kufunga ambapo hoja husomwa na kutiwa saini. Mkaguzi ndiye anayechagua wa kuhojiwa, na meneja hakai karibu wala hapiti dirishani. Usiwafundishe wafanyakazi majibu. Watu watano wanaotumia sentensi moja neno kwa neno ni ushahidi dhidi yako. Waambie tu kwamba mkaguzi anakuja, anatafuta nini, na kwamba hakuna atakayeulizwa baadaye alisema nini, kisha litimize hilo la mwisho.

Katika kikao cha kufunga una haki ya kupinga hoja ambayo una ushahidi dhidi yake, na ni vema kuipinga hapohapo kuliko kuandika barua wiki mbili baadaye. Hoja nyingine zote ziingizwe kwenye mpango wa marekebisho wenye chanzo cha tatizo, hatua, jina la mhusika na tarehe. Chanzo ndicho hupotea mara nyingi. Kampuni ikiandika kwamba mlango wa dharura ulikuwa na kufuli na kwamba kufuli limeondolewa, haijarekebisha kitu mpaka iseme kufuli liliwekwa na nani na kwa nini, kwa kuwa wizi wa katoni utaendelea na kufuli litarudi. Tenga bajeti ya hatua zinazohitaji fedha kabla ya kuandika tarehe. Mnunuzi akikuuliza kwa nini saa za ziada za Februari zitachukua misimu miwili kupungua, mtumie hesabu ya watu unaohitaji kuongeza, gharama yao kwa katoni moja, na ile barua yako ya kwanza kuhusu muda wa oda, ukimwomba aijibu safari hii kwa maandishi.